Matone kwa Dakika

Kwenye karatasi ya patografu, ile inayojazwa mama akiwa leba, kuna safu mbili nyembamba za visanduku ambazo kwa wazazi wengi hubaki tupu. Ya kwanza inauliza ni uniti ngapi za oksitosini zimetiwa kwenye lita moja ya maji ya dripu. Ya pili inauliza matone mangapi yanashuka kwa dakika. Juu ya safu hizo kuna mapigo ya moyo wa mtoto, kufunguka kwa mlango wa kizazi na idadi ya mikazo ndani ya dakika 10. Chini yake kuna mapigo ya moyo wa mama, presha, joto na mkojo. Dawa imewekwa katikati, maswali yameizunguka juu na chini.

Mimi si mtu wa hospitali. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu kubwa ya masomo yetu ni kukaa na fomu za watu waliotutangulia: hati za forodha, rejesta za vifo, kadi za kliniki. Fomu ni kumbukumbu ya hofu za walioitunga. Hakuna anayechora kisanduku cha kuhesabia matone mpaka pawe na mahali ambapo matone hayakuhesabiwa. Kwa hiyo nilipoikuta patografu mara ya kwanza, ndani ya kabrasha la mafunzo ya wakunga, nilitaka kujua nani aliogopa nini, na lini.

Historia ya dawa za uchungu husimuliwa zaidi kama safari ya wagunduzi. Ninachokifuata hapa ni kipindi kingine: muda uliopita kati ya siku dawa ilipoanza kutumika na siku watu walipojua namna ya kuichunga. Kwa kila dawa muda huo ulikuwepo, na waliokuwa wamelala kitandani ndio waliolipa.

Ya kwanza ni ergoti, kuvu jeusi linaloota kwenye masuke ya nafaka ya rai huko Ulaya. Adam Lonitzer, mganga wa Frankfurt, aliandika mwaka 1582 kwamba wanawake walikuwa wakiitumia kuamsha uchungu. Mwaka 1808 daktari wa jimbo la New York, John Stearns, alichapisha barua akisifu unga wake: unaharakisha uzazi uliokwama na unamwokolea daktari saa nyingi za kukesha. Kwa haki yake, alitoa pia onyo. Alisema dawa inafanya kazi kwa ghafla mno, hivyo mtu ajiandae kabisa kabla hajaitoa. Hilo pengine ndilo agizo la kwanza la uangalizi katika hadithi hii, na limefichwa ndani ya sifa.

Wenzake walichukua sifa, wakaacha onyo. Ergoti haikazi kizazi na kukiachia kama uchungu wa kawaida unavyofanya; inakibana na kukiacha kimebana. Mtoto hupata hewa ya kutosha pale kizazi kinapolegea kati ya mkazo na mkazo, kwa kuwa ndipo damu inapopita vizuri kwenda kwenye kondo. Kizazi kisipolegea, mtoto anakosa hewa, na ukuta wa kizazi chenyewe unaweza kupasuka. Miaka ya 1820 David Hosack, daktari wa New York pia, alieleza kwamba watoto wanaozaliwa wafu walikuwa wameongezeka mjini humo tangu unga huo upate umaarufu. Walikuwa wakiuita kwa Kilatini unga wa kuzalisha; yeye akasema jina linaloufaa ni unga wa kifo. Alishauri utolewe mtoto akishatoka tu, kuzuia damu. Zaidi ya miaka 200 baadaye, dawa za jamii ya ergoti bado zinatumika kwa utaratibu huo huo.

Mwaka 1906 Henry Dale, akiwa London, alikuta kwamba maji yaliyokamuliwa kwenye sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari yanakaza kizazi cha paka. Mwaka 1909 William Blair-Bell wa Liverpool aliandika kuhusu matumizi yake kwa wanawake, na ndani ya miaka michache ilikuwa dawa ya dukani, ikichomwa kwa sindano kwenye msuli. Nguvu ya kila chupa ilitofautiana, dozi zilikuwa kubwa, na sindano ikishaingia haitoki. Taarifa za vizazi vilivyopasuka zikaanza kurudi. Ukweli ni kwamba makosa ya ergoti yalirudiwa kwa dawa mpya, na waliorudia walikuwa wasomi waliojua vizuri yaliyompata Hosack na mji wake.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa chupa, mpira na kibanio. Mwaka 1948 Geoffrey Theobald, daktari wa wazazi mjini Bradford, Uingereza, alieleza na wenzake namna ya kuitoa dawa hii kwa dripu: kiasi kidogo sana kwenye maji mengi, tone kwa tone, kwa kadiri inayokaribia ile ambayo mwili wenyewe hutoa. Naiona hatua hii kuwa kubwa kuliko ya mkemia Vincent du Vigneaud, aliyeutambua muundo wa oksitosini na kuitengeneza maabara, na kwa kazi hiyo na nyinginezo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Du Vigneaud alitupa dawa safi. Theobald alitupa dawa inayoweza kusimamishwa. Oksitosini haikai mwilini, kiasi kikubwa huondoka kwenye damu ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukifunga kibanio mikazo hupungua. Ila kibanio hakijifungi. Dawa inayoweza kusimamishwa inamdai mtu wa kuisimamisha, na mtu huyo hana budi kuwa amekaa pale, mkono wake juu ya tumbo la mama, macho yake kwenye saa.

Hapo ndipo kuhesabu kulipoanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliofundishiwa wakunga wengi wa huku kwetu ulianza na uniti 2.5 ndani ya mililita 500, matone 10 kwa dakika, ukiongeza matone 10 kila nusu saa mpaka mikazo ifike 3 ndani ya dakika 10, kila mmoja ukichukua zaidi ya sekunde 40. Ukifika hapo, huongezi tena. Mikazo ikizidi 5 ndani ya dakika 10, au mkazo mmoja ukikataa kuachia, unafunga.

Shangazi yangu, mkunga aliyestaafu, alinionyesha hesabu hiyo kwa kutumia bomba la jikoni kwake linalovuja. Alishika saa usawa wa macho, akanyamaza dakika nzima, nami nikanyamaza. Ni dakika ndefu. "Sasa, mwanangu," akasema, "hiyo ni ya mzazi mmoja. Ukiwa na wazazi sita na saa moja ya mkono, unachagua wa kumhesabia."

Hata mahali palipokuwa na wahesabuji wa kutosha, dawa ilikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitazamia. Muundo wa oksitosini unafanana mno na wa homoni inayouzuia mwili kupoteza maji. Kati ya asidi amino 9, mbili tu ndizo zinazotofautiana. Mama akipewa oksitosini nyingi kwa saa nyingi, tena kwenye maji ya glukosi yasiyo na chumvi, figo zake hufunga mlango. Maji yanaingia, mkojo hautoki, chumvi ya damu inashuka na ubongo unavimba. Taarifa za wanawake walioanza kuchanganyikiwa, wakapata degedege na kuzimia zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fikiria ugumu wake: mzazi anayepata degedege, muuguzi yeyote atadhani ni kifafa cha mimba. Anayeweza kutofautisha ni yule aliyekuwa akipima maji yaliyoingia na mkojo uliotoka. Tangu nilipolijua hilo, safu ya mkojo chini kabisa ya karatasi naisoma kwa heshima.

Kufikia hapa hadithi imekuwa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1968 ilihamia Kampala.

Sultan Karim alikuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere. Akiwa na Ralph Trussell na wenzao, alichapisha katika British Medical Journal mwaka huo taarifa ya kuanzisha uchungu kwa prostaglandini F2-alfa iliyotolewa kwa dripu. Prostaglandini zilijulikana tangu miaka ya 1930 kama vitu vilivyomo kwenye shahawa vinavyokaza misuli ya kizazi, lakini kuzitumia kuanzisha uchungu wa mwanamke aliyefikisha miezi yake, na kuonyesha kwamba inawezekana, ni kazi iliyofanyika Makerere. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilikuwa sijawahi kulisikia jina la Karim. Tulisoma Makerere ya waandishi na ya wanasiasa. Makerere ya wodi ya wazazi haikuwamo kwenye silabasi.

Taarifa zilizofuata za Karim na za waliomfuata ndizo zilizojenga orodha ya madhara ya dawa hizi: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, homa na kutetemeka, wekundu kando ya mshipa penye sindano, na juu ya yote kizazi kinachokaza kupita kiasi. Wanawake wa kwanza waliokubali dripu hiyo hawatajwi. Ndivyo taarifa za kitabibu zinavyopaswa kuwa, kwa kulinda siri zao, lakini kwa mwanafunzi wa historia ni pengo. Tunayajua mapigo ya mioyo ya watoto wao. Hatujui waliambiwa nini, wala kwa lugha gani.

Na kabla ya Makerere, wanawake wenyewe walikuwa na dawa zao. Miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, akiwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea ulioitwa kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Alichukua sampuli. Ilichukua hadi mwaka 1995 kwa wanasayansi kuonyesha umbo kamili la protini ndogo iliyomo: asidi amino 29 zilizofungwa duara, zisizo na mwanzo wala mwisho. Ndiyo sababu kuchemsha hakuiharibu na kuimeza hakuipotezi, tofauti na oksitosini. Sisemi hili kusifia mitishamba ya kuharakisha uchungu. Wakunga wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumuuliza kila anayeingia leba, kwa sauti ya chini, kama amekunywa chochote nyumbani. Mkunga anayefungua dripu juu ya tumbo ambalo tayari lina chai ya namna hiyo anaongeza dawa juu ya dawa bila kujua. Swali hilo halina kisanduku.

Turudi kwenye karatasi yenyewe, kwa maana nayo ilizaliwa Afrika. Mwaka 1954 Emanuel Friedman, New York, alichora kwenye grafu jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka kadiri saa zinavyokwenda. Mwaka 1972 Hugh Philpott na W. M. Castle walichapisha utafiti walioufanya katika hospitali ya wazazi ya Harare, kwa wanawake 624 waliokuwa na mimba ya kwanza. Wakati huo Harare lilikuwa jina la mtaa wa Waafrika katika mji wa Salisbury, Rhodesia. Leo mtaa huo unaitwa Mbare na mji mzima umechukua jina lake. Serikali ilikuwa ya walowezi, madaktari walikuwa wachache, na kliniki za pembezoni ziliendeshwa na wakunga. Philpott aliwachorea wakunga hao mistari miwili. Wa kwanza, wa tahadhari, unapanda sentimita moja kwa saa: mzazi akiuvuka, mpeleke hospitali kubwa. Wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa 4 mbele: akiuvuka huo, wa hospitali waamue, na mojawapo ya maamuzi ni oksitosini.

Ulikuwa ufumbuzi mzuri wa tatizo la umbali. Mstari wa kwanza uliuliza swali la usafiri. Baada ya mkutano wa Nairobi wa mwaka 1987 kuhusu uzazi salama, Shirika la Afya Duniani liliichukua patografu na kuijaribu Indonesia, Thailand na Malaysia kwa wanawake 35,484. Matokeo, yaliyotoka mwaka 1994, yalionyesha kwamba uchungu wa muda mrefu ulipungua, na wanawake walioongezewa uchungu kwa dawa walishuka kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Karatasi ilikuwa imepunguza dripu kwa zaidi ya nusu. Mkunga aliyekuwa na picha mbele yake aliweza kusubiri bila wasiwasi.

Lakini karatasi husafiri kuliko mazingira yake. Ilipoingia kwenye wodi zenye vitanda vingi na wakunga wawili, mistari ilianza kusomwa vingine. Mstari wa tahadhari, uliotungwa kwa ajili ya gari la wagonjwa, ukawa kwa wengi ishara ya kutundika dripu. Kanuni iliyotokana na wanawake wa mimba ya kwanza ikatumika kwa mama wa mtoto wa sita, ambaye kizazi chake kiko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupasuka dawa ikizidi. Halafu kuna jambo ambalo watafiti wamelikuta nchi baada ya nchi: patografu nyingi hujazwa mama akishajifungua, mapigo ya moyo 140, 140, 138, yakiwa yamepangwa vizuri kwa kalamu moja. Sioni sababu ya kuwacheka wanaofanya hivyo. Wamepewa fomu inayodai jicho la mtu mmoja kwa mzazi mmoja, na wazazi saba.

Sharti hilo la jicho moja kwa mzazi mmoja lilisemwa wazi Dublin. Kieran O'Driscoll, wa hospitali ya wazazi ya Holles Street, aliandika mwaka 1969 kuhusu utaratibu wake wa kutoruhusu uchungu uchukue muda mrefu: kupasua chupa mapema, oksitosini mapema. Ulimwengu ulikumbuka oksitosini. Kipengele kingine cha utaratibu huo kilikuwa kwamba kila mzazi awe na muuguzi wake asiyemwacha mpaka mwisho. Hospitali hiyo hiyo ililinganisha baadaye mashine ya kurekodi mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo na sikio la mkunga, kwa wanawake 12,964, na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Watoto waliopata degedege walikuwa wachache zaidi upande wa mashine, vifo havikutofautiana. Sikio lililolinganishwa, tukumbuke, lilikuwa la muuguzi aliyekaa kando ya kitanda.

Dawa iliyofuata ilimwondolea mkunga hata kibanio. Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kidonge kina mikrogramu 200, ni cha bei nafuu, hakihitaji friji wakati oksitosini inaharibika kwenye joto. Kwa hospitali ambayo umeme unakatika, faida hiyo si ndogo. Ila dozi inayopendekezwa kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, sehemu moja ya nane ya kidonge, na watu walikuwa wakikikata kwa wembe. Mwaka 2000 kampuni iliyokitengeneza iliwaandikia madaktari wa Marekani kuwaonya wasikitumie kwa wajawazito. Madaktari waliendelea, wakiwa na tafiti zao mkononi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dozi hiyo ndogo ya kunywa kila baada ya saa 2, na njia rahisi ya kuipata: kidonge kimoja kwenye mililita 200 za maji, mama anywe mililita 25. Hesabu imehama kutoka kwenye matone kwenda kwenye kikombe, na kilichomezwa hakifungwi kwa kibanio.

Wengi wanaoanzishiwa uchungu huku kwetu wana presha ya mimba, na hao hupewa pia magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza kifafa cha mimba kwa nusu. Ikizidi inazima pumzi. Uchunguzi wake ni wa kale na hauhitaji umeme: gonga goti uone kama mguu unaruka, hesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, pima mkojo, na kalisiamu glukoneti iwe karibu. Kwa mzazi mmoja mwenye dawa mbili, mkunga anahesabu matone, mikazo, mapigo ya mtoto na pumzi za mama.

Kati ya mwaka 2014 na 2016, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, watafiti na wahudumu waliketi pamoja kuandika upya mwongozo wa leba, wakianza na swali ambalo miongozo mingi huliruka: kwa watu tulionao, nini kinawezekana? Walitunga kijitabu kifupi na kukifundisha kwa semina za kujirudia. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Wazazi hawakuwa wamepungua.

Mwaka 2018 utafiti wa wanawake 5,606 wa Nigeria na Uganda ulichapishwa, na ndani yake mstari wa sentimita moja kwa saa haukusimama. Wanawake wengi waliokwenda polepole kuliko mstari walijifungua salama bila kuguswa. Ni miaka mingapi ya dripu zilizofunguliwa kwa sababu ya mstari huo, katika wodi ambazo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuhesabu? Fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2020, imeufuta. Inaanza kujazwa mlango ukifika sentimita 5, na karibu na mwanzo wake inauliza kama mzazi ana mtu wa kukaa naye. Safu ya oksitosini imebaki, uniti kwa lita na matone kwa dakika. Kando yake kuna safu ya kuandikia dawa nyingine yoyote aliyopewa.